Yaliyokwanguliwa na Yaliyoachwa: William wa Malmesbury na Habari za Maaskofu

Tarehe zilizoandikwa na watawa wa Ulaya katika Enzi za Kati kwa kawaida husomwa na wanahistoria, ambao huziendea kwa ajili ya miaka, majina na mfuatano wa matukio. Mhakiki wa fasihi huzipita kando, akidhani kwamba kazi iliyokusudiwa kuhifadhi habari haina fani inayostahili kujadiliwa. Makala haya yanaipinga dhana hiyo kwa kuchunguza kazi moja, Gesta Pontificum Anglorum, yaani Matendo ya Maaskofu wa Waingereza, ambayo mtawa William wa Malmesbury aliikamilisha mwaka 1125. Tunadai kwamba mabadiliko aliyoyafanya katika mswada wake hayaelezeki kwa woga peke yake. Ni mabadiliko ya mbinu ya kusema, na bila ya kuitambua mbinu hiyo hatuwezi kukisoma kitabu ipasavyo.

William alizaliwa yapata mwaka 1095 na kulelewa tangu utotoni katika monasteri ya Wabenedikto ya Malmesbury, kusini-magharibi mwa Uingereza. Yeye mwenyewe anasema kwamba alikuwa na damu ya pande zote mbili, ya Wanormani walioshinda mwaka 1066 na ya Waingereza walioshindwa. Kitabu chake kina sehemu tano. Nne za kwanza zinazunguka nchi dayosisi kwa dayosisi, kuanzia Canterbury, na katika kila kiti maaskofu wanafuatana mmoja baada ya mwingine. Msomaji wa Habari za Pate hatauona muundo huu kuwa mgeni: mtawala, nasaba yake, miaka yake, jambo moja au mawili ya kukumbukwa, kisha mrithi. Lakini William hatosheki na orodha. Anaeleza mandhari ya mahali, majengo, hata lugha. Anadai kwamba usemi wa watu wa kaskazini, hasa wa York, ni mkavu kiasi kwamba watu wa kusini hawauelewi. (Wenye kupima lahaja za wenzao kwa masikio yao hawakuanza jana.)

Jambo linalotuhusu zaidi ni mswada wenyewe. Nakala iliyoandikwa kwa mkono wa William ingalipo, katika Chuo cha Magdalen, Oxford. Ni kitabu kidogo cha ngozi, na mahali pengi ngozi hiyo imekwanguliwa kwa kisu na maneno mapya kuandikwa juu yake. Kwa bahati, watu wengine walikuwa wamekwisha kuinakili kazi hiyo kabla ya marekebisho, na nakala zao zilihifadhi maneno ya awali. Wahariri, Hamilton mwaka 1870 na Winterbottom pamoja na Thomson mwaka 2007, wamewezesha msomaji kuzilinganisha hali hizo mbili. Kinachoonekana ni kwamba katika toleo la mwanzo William aliwashambulia baadhi ya maaskofu wa kizazi chake kwa maneno makali, akitaja ulafi wa huyu na uasherati wa yule, na kwamba baadaye alipunguza ukali huo au akauondoa kabisa. Miongoni mwa waliopunguziwa ni Samson wa Worcester, aliyefariki mwaka 1112, na Robert Bloet wa Lincoln, aliyefariki mwaka 1123.

Maelezo yanayokuja upesi ni woga, na ushahidi wake si haba. Samson aliacha wana, na mmojawao, Richard, alikuwa angali askofu wa Bayeux kitabu kilipokamilika. Mtawa hakuwa na mlinzi mbele ya watu wa namna hiyo. Hata hivyo, yafaa tumlinganishe William na Eadmer, mtawa wa Canterbury ambaye William alimsoma na kumtegemea. Eadmer aliandika maisha ya Askofu Mkuu Anselm wakati Anselm angali hai. Anselm alipogundua, alimwamuru aziharibu karatasi zile za ngozi. Eadmer anakiri kwamba alitii: aliziharibu, lakini baada ya kuyahamishia yaliyomo kwenye karatasi nyingine. Hapo neno lililoandikwa halibadiliki hata kidogo. Kinachochezewa ni amri. William anafanya kinyume chake. Karatasi zake zinabaki, neno ndilo linalobadilika, na mkono ulioandika ndio uliokwangua. Kitendo hicho ni cha mtunzi anayeirudia kazi yake, hata kama hofu nayo imo.

Ili tuone alirudi kwenda wapi, hatuna budi kumleta askofu ambaye kivuli chake kimeangukia kitabu chote, Roger wa Salisbury. Roger alikuwa mtu wa pili kwa mamlaka katika utawala wa Henry I, na ndiye aliyeiendesha Uingereza mfalme alipokuwa Normandy. Kuanzia mwaka 1118 aliishika monasteri ya Malmesbury mkononi mwake, ikawa haina abate wake. William basi aliandika habari za maaskofu akiwa chini ya paa lililotwaliwa na askofu. Katika Gesta Regum Anglorum, kazi yake ya miaka hiyohiyo kuhusu wafalme, anamsifu Roger kwa majengo yake, ambayo mawe yake yaliunganishwa kwa ustadi hata jicho likadanganyika na kuuona ukuta mzima kuwa jiwe moja. Wapo watakaotaka kuona kinaya hapa. Sisi hatukilazimishi, ukuta huenda ulikuwa mzuri kweli.

Jibu la William kwa Roger, kwa maoni yetu, liko katika sehemu ya tano. Hapa mpango wa dayosisi unaachwa ghafula, na kitabu kilichokuwa cha maaskofu wengi kinakuwa cha mmoja, Aldhelm, aliyefariki yapata mwaka 709. Wasomaji wengi wameiona sehemu hii kuwa kiambatisho cha uzalendo, mtawa akimtukuza mtakatifu wa kwao. Lakini Aldhelm alikuwa abate wa Malmesbury kisha akawa askofu wa Sherborne, na kiti cha Sherborne ndicho kilichohamishiwa Salisbury baada ya mtaguso wa mwaka 1075. Roger, kwa maneno mengine, alikuwa mrithi wa Aldhelm. Humo ndimo William anamonakili hati ya Papa Sergius I inayoikinga monasteri dhidi ya mamlaka ya askofu, na kusimulia kwamba Aldhelm, alipopata uaskofu, aliwathibitishia watawa wake uhuru wa kujichagulia kiongozi. Askofu mtakatifu anaufunga mlango ambao mrithi wake ameuvunja. William hahitaji kuwaweka wawili hao kwenye mizani mbele ya msomaji. Msomaji wa mwaka 1125 alijua nani ameketi Salisbury.

Humo humo mna kisa mashuhuri, ambacho William anakitoa kwenye kitabu cha Mfalme Alfred. Watu wa wakati wa Aldhelm walikuwa wakikimbilia makwao mara ibada ilipokwisha. Aldhelm akasimama darajani kama mtu wa kuimba kwa fani yake, akawaimbia nyimbo za lugha yao, na walipokwisha kuvutika akayapenyeza maneno ya Maandiko katikati ya wimbo. Kwa msomaji wa tenzi zetu kisa hiki hakina haja ya ufafanuzi. Kwa William, tunaona, kisa hiki ni zaidi ya pambo. Kinamwonyesha msemaji aliyejua kwamba karipio la wazi lingewatawanya wasikilizaji, na hilo ndilo karipio ambalo William mwenyewe alikuwa ameanza kuliondoa kwenye kurasa zake.

Hatusemi kwamba kila kitu hapa ni ustadi. Sehemu ya tano inachosha mahali pengi. Miujiza inarundikwa, na baadhi ya hati za kale za Malmesbury alizozinakili hazikubaliwi leo kuwa za kweli. Mtetezi wa uhuru wa monasteri hakuzichuja hati zilizomfaa kwa ukali aliouonyesha kwingineko. Mhakiki asimfichie.

Kama ni woga tu uliomzuia, tungetarajia ulimi wake ufunguke Roger alipoanguka. Mwaka 1139 Mfalme Stephen alimkamata Roger, na Desemba ya mwaka huo Roger akafa. Katika Historia Novella, aliyoiandika baadaye, William anasema waziwazi kwamba Roger alijitwalia mali ya jirani kwa ombi, kwa fedha au kwa nguvu, kwamba alizimeza monasteri za Malmesbury na Abbotsbury, na kwamba alianza kujenga ngome katika makaburi ya kanisa la Malmesbury, hatua chache tu, umbali wa kutupa jiwe, kutoka kanisani. Ukweli umetajwa, na jiwe lile linatosha. Matusi ya toleo la kwanza la Gesta Pontificum hayarudi. Yawezekana kupinga kwamba Historia Novella iliandikwa kwa ajili ya Robert wa Gloucester, adui wa Stephen, na kwamba kumwonea huruma aliyeonewa na Stephen kulikuwa na faida yake. Pingamizi hilo lina nguvu, lakini haliwezi kueleza kila kitu. William anasimulia jinsi fedha ambazo Roger alikuwa ameziweka juu ya madhabahu ili kanisa likamilishwe zilivyochukuliwa angali hai, bila ya ridhaa yake. Kisha anasema kwamba kilichomwonekea yeye kuwa msiba mkubwa zaidi ni kuwa wengi waliona taabu ya mzee yule, na wachache mno walimhurumia. Anayeandika hayo ni mtawa wa nyumba ambayo Roger aliishika kwa miaka 21.