Kimulimuli, Buluu na Dharura: Uhakiki wa Istilahi za Taa za Barabarani

Tangu Bunge lilipopitisha mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi, wafasiri wa maandishi ya Serikali wamekabidhiwa mzigo mkubwa. Miongoni mwa maandishi hayo ni yale yahusuyo usalama barabarani, ambayo sheria yake mama ni ya mwaka 1973. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza sehemu ndogo tu ya msamiati huo, yaani majina ya taa za rangi zinazowekwa juu ya magari ya polisi, ya zimamoto na ya wagonjwa, na zile zinazotundikwa mbele ya vituo vya polisi. Hoja yetu ni moja: wafasiri wengi hutafsiri rangi ya taa na kuiacha amri ya taa bila jina.

Kipimo chetu kiwe Kanga, kaskazini mwa Kisiwa cha Mafia. Hospitali ya Wilaya iko Kilindoni, na mgonjwa wa Kanga anayezidiwa usiku hana budi kusafirishwa kwa barabara hadi huko. Basi tuchukue sentensi ya mfano, ya namna inayoandikwa mara nyingi: "Magari yenye taa ya buluu yana kipaumbele." Mwendesha pikipiki anayekutana na gari la wagonjwa lililombeba mama mjamzito ameambiwa rangi, tena ameambiwa daraja la gari. Hakuambiwa afanye nini. Je, asimame? Aongeze mwendo ili asilizuie? Au atoke barabarani? Sentensi ni sahihi kwa sarufi, lakini haina faida kwa mtu iliyeandikiwa.

Isidhaniwe kwamba watu wa Kanga ni wageni wa lugha ya taa. Katika Rasi ya Mkumbi, upande huo huo wa kisiwa, upo mnara wa taa uliojengwa enzi za Wajerumani. Kiswahili cha pwani kina chemli, kandili, karabai, kurunzi na kibatari, na kila neno lina chombo chake na kazi yake. Zaidi ya hayo, bahari inatufundisha jambo ambalo wafasiri wa barabarani wamelisahau. Kwa kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini, chombo huwasha taa nyekundu ubavu wa kushoto na taa ya kijani ubavu wa kulia. Nyekundu hiyo haina maana ya hatari. Maana yake ni ubavu. Lakini nahodha wa meli ya injini anayeona meli nyingine ikimkatiza kutoka kuliani, huona taa yake nyekundu, na hapo wajibu wake ni kupisha. Maana basi haikutoka katika rangi. Imetoka katika mwafaka wa watu kuhusu nani ampishe nani.

Historia ya nchi kavu inathibitisha hayo. Mjini London, taa ya buluu ilianza kutundikwa mbele ya vituo vya polisi mwaka 1861, na kazi yake ilikuwa kumwonyesha mwenye shida mahali pa kukimbilia. Nchini Japani, vituo vidogo vya polisi vya mitaani hutambulikana kwa taa nyekundu. Ujerumani iliamuru buluu kwa magari ya polisi mwaka 1938, na husemwa kwamba sababu ilikuwa maandalizi ya kuficha miji gizani dhidi ya ndege za vita. Marekani, kanuni hutofautiana jimbo kwa jimbo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani haukuishia kwenye taa. Umetaja wajibu wa mtumiaji wa barabara aonapo ishara hizo, nao ni kuacha njia wazi na, ikilazimu, kusimama. Hapo ndipo mfasiri anapopaswa kuanzia.

Sasa tutazame maneno yenyewe. La kwanza ni "kimulimuli". Kamusi za zamani hulitambua kuwa jina la mdudu anayeng'aa usiku, nalo ni jamaa wa kitenzi "mulika". Wasemaji wamelihamisha hadi kwenye taa inayowaka na kuzima juu ya gari, bila kusubiri kikao cha kamati yoyote. Ni istilahi bora: ni fupi, ina picha, na inaingia katika ngeli ya ki-vi pasipo taabu. Wanaotaka kuiondoa kwa kuwa "ni neno la mtaani" hawana hoja. Kasoro yake ni nyingine. Neno hili linataja namna ya kuwaka, wala halitaji amri. Gari la wagonjwa lina kimulimuli, na gari linalovuta magari mabovu lina kimulimuli vile vile. La kwanza lapasa kupishwa, la pili lataka tahadhari tu.

La pili ni rangi. "Buluu" imekwisha kuenea na haina haja ya kupingwa. "Samawati" ni nzuri katika ushairi, lakini humfanya msomaji afikirie uwingu mweupe wa asubuhi. "Nili" humpeleka kwenye rangi iliyokolea ya kutilia nguo. Katika sheria ya taa, yote mawili yatazua ubishi mahakamani. Tatizo kubwa zaidi liko katika rangi ile iliyo kati ya manjano na chungwa, itumikayo kwa taa za tahadhari. Mfasiri anayefuata sauti ya neno la kigeni atajaribiwa kuandika "ambari". Hilo ni kosa. Ambari ni kitu cha manukato kitokacho tumboni mwa nyangumi, ambacho watu wa pwani hukiokota ufukoni, na rangi yake ni ya kijivu au nyeusi. Kinachokusudiwa ni kaharabu, utomvu ulioganda wa kutengenezea shanga na tasbihi. Katika sheria iandikwe "rangi ya kaharabu" pamoja na fasili yake. Katika tangazo la umma, "rangi ya chungwa" yatosha.

La tatu ni "dharura". Katika mazungumzo ya kila siku nchini Tanzania, mtu asemaye "nimepata dharura" aghalabu hutoa udhuru wa kutohudhuria kazini. Nchini Kenya, "hali ya dharura" hukumbusha utawala wa mabavu wa miaka ya 1952 hadi 1960. Hatusemi neno litupwe. Twasema lisiachwe peke yake. Gari halipishwi kwa sababu mwenyewe ana dharura. Linapishwa kwa sababu maisha ya mtu yamo hatarini na sheria imelipa haki hiyo.

Na hapa ndipo penye madhara. Kwa kuwa istilahi zetu zimetaja chombo na rangi bila kutaja haki, chombo kimegeuka alama ya cheo. Mara kwa mara polisi wamelazimika kuwakataza watu binafsi kufunga ving'ora na vimulimuli katika magari yao. Anayevifunga hununua taa, na pamoja nayo hununua hofu ya wengine. Neno "kipaumbele" lamsaidia, maana humfanya msomaji aone ukubwa wa mwenye gari, asione hali ya mgonjwa. Siku wananchi watakapochoka kuwapisha wakubwa bandia, atakayecheleweshwa ni yule mama wa Kanga.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. Kwanza, "kimulimuli" kisanifishwe kuwa jina la chombo, cha rangi yoyote. Pili, badala ya "gari la kipaumbele" itumike "gari lenye haki ya kupishwa", na taa yake iitwe "kimulimuli cha kupishwa". Umbo hili la kutendwa lina faida: linamkumbusha kila msomaji kwamba yeye ndiye mtenda. Tatu, taa ya magari ya matengenezo na ya kuvuta iitwe "kimulimuli cha tahadhari". Nne, taa ya kituo cha polisi, ambayo haimwamuru mtu kupisha wala kusimama, iitwe "taa ya utambulisho". Rangi ifuate baada ya jina.

Sentensi yetu ya mfano itasomeka hivi: "Uonapo kimulimuli cha kupishwa, cha rangi ya buluu, sogea pembeni, usimame ikilazimu, na uache njia wazi." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini mwendesha pikipiki wa Kanga atajua la kufanya kabla gari halijamfikia.