Buti "mpya" za mtumba, na kwa nini nimeliamini jaketi

Buti nilizonunua kwenye mitumba hapa Kiabakari zilionekana hazijavaliwa kabisa: ngozi inang'aa, meno ya soli yote yapo. Nikajua nimeokota dodo. Siku ya pili Kilimanjaro, kabla ya kufika Horombo (mita 3,720), soli ya kulia ikabanduka. Ndani ilikuwa inamomonyoka kama andazi kavu. Nikaifunga kamba, nikajikongoja hadi Kibo, mita 4,720. Hapo kiongozi wetu akanikatalia kwenda kileleni.

Wenzangu walisema ni feki. Sikubaliani. Soli nyingi za buti zina tabaka la povu la poliyurethani, na unyevunyevu wa hewani hulivunjavunja taratibu, hata buti likiwa limekaa tu stoo. Kwa hiyo kutovaliwa si sifa. Cha kuuliza ni umri.

Jaketi la manyoya ya bata, nalo la mtumba, lilinishangaza. Manyoya hayatengenezi joto. Yanashika hewa iliyotulia, nayo inazuia joto la mwili lisitoroke. Usiku wa Kibo sikutetemeka. Ila yakilowa yanashikana, hewa inatoka, umekwisha. Ndiyo maana msituni nililiviringisha ndani ya koti la mvua.

Hukumu yangu: jaketi nunua. Buti, bonyeza povu kwa kidole gumba. Likipasuka au kutoa ungaunga, rudisha. Likistahimili, litembelee kwanza wiki kadhaa kwenye vilima vya huku kwetu. Soli ikibanduka hapa unapanda bodaboda. Kule juu hakuna.