Kipokezi Ndani ya Sanduku: GPS ya Kijeshi Inavyostahimili Kuvurugwa

Ripoti ya mwaka 2024 ya Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo ilieleza kuwa mawimbi ya GPS yalivurugwa na kughushiwa katika maeneo ya Kivu Kaskazini, ikalitaja jeshi la Rwanda pamoja na kundi la waasi la M23. Kigali imekuwa ikikanusha kuisaidia M23. Tayari jeshi la Kongo lilikuwa na droni za Kichina za CH-4, ambazo mvurugo kama huo unaweza kuzigusa. Mkazi wa Gitambi, huku Rusizi nchini Rwanda, anaweza kuona kwamba Goma, mji wa Kivu Kaskazini, ni mbali. Milima humkinga aliye bondeni, lakini aliye angani hana kinga hiyo: ndege iliyo mita 5,000 juu inaweza kufikiwa na mawimbi ya mtambo ulio kileleni kilomita 200 kutoka hapo. Ishara ya setilaiti nayo husafiri kilomita 20,200 na kufika ikiwa dhaifu kuliko kelele za umeme za kipokezi chenyewe, hivyo hata mtambo mdogo huimeza.

Ndiyo maana nasema kinga hutegemea zaidi namna kipokezi kilivyofungamanishwa na vifaa vingine kuliko ubora wake peke yake. Katika miaka ya 1990 Marekani ilikiweka kama kadi ndani ya sanduku lenye jairoskopu na vipima mchapuko. H-764G ya Honeywell ni mfano mmoja. Kipokezi cha pembeni hukokotoa mahali na kuipa kompyuta jibu tu. Kadi ya ndani huipa umbali ghafi wa kila setilaiti, na kompyuta huulinganisha na mwendo uliohisiwa. Setilaiti moja ikidanganya, hukataliwa peke yake. Hapa fundi hana ruhusa ya kukisia. Antena iko mgongoni mwa ndege, sanduku liko tumboni, na nafasi kati yao lazima ipimwe na kuingizwa kwenye kompyuta. Ikikosewa, ndege inapolala upande kwenye kona, setilaiti za kweli huonekana kama zinadanganya.

Wapo wanaosema inatosha kuongeza mifumo ya setilaiti ya China na Urusi, BeiDou na GLONASS. Husaidia, ila masafa yao yako jirani na megahezi 1575.42 za GPS, na kelele pana huyafunika yote kwa pamoja. Wengine wangeacha setilaiti kabisa, lakini vihisi vizuri vya mwendo vya ndege hupotea takriban kilomita 1.8 kwa saa, na vya bei nafuu hupotea upesi zaidi. Hoja nzito ni ya ufunguo: ishara ya siri ya GPS, ambayo ni vigumu mno kuighushi, husomwa kwa ufunguo walio nao Marekani na washirika iliowaidhinisha tu. Hata hivyo jeshi lisilo na ufunguo bado linaweza kufungamanisha vihisi na kutumia antena yenye vipande kadhaa, inayoziba sikio upande kelele zinakotoka. Gharama ipo, na kwenye droni ndogo uzito pia ni tatizo.

Ndege ya abiria inayotua Kamembe, huku Rusizi, haina ufunguo huo, wala kwa kawaida haina antena ya namna hiyo, ilhali inaruka katika anga lilelile. Kwa ajili yake, vinara vya redio vya ardhini katika ukanda huu vinastahili kutunzwa na kufanyiwa majaribio, hata kama bajeti inavutia kuvizima.