Unga wa Dengu Usoni: Kinachofanya Kazi ni Nini?

Mwenye ngozi ya mafuta anaijua hali yake ifikapo mchana: pua na paji la uso vinang'aa, poda imeshikana, leso ikipita inaondoka na doa. Wengi hukimbilia sabuni kali. Maski ninayoichambua hapa hutengenezwa kwa vitu vya jikoni: unga wa dengu, ule wa kukorogea bajia, mtindi usio na sukari, asali na manjano. Inasaidia, ila si kwa sababu zinazotajwa na wengi wanaoisifu.

Mafuta hayo hutolewa na tezi zilizo kando ya vinyweleo, na tezi huendeshwa na homoni. Ndiyo maana uso hubadilika mtu anapobalehe. Hakuna kitu cha kupakwa kwa dakika kumi kinachoweza kuiamuru tezi ipunguze kazi. Maski huondoa mafuta yaliyokwisha kutoka. Mengine yatakuja baada ya saa kadhaa, na hilo si dalili kwamba umekosea kuchanganya.

Kazi kubwa hufanywa na unga. Chembe zake za wanga na protini hunyonya mafuta, na dengu ina pia saponini, kemikali za asili zinazotoa povu na kuyalegeza mafuta wakati wa kuosha. Kaolini, udongo mweupe kama ule wa vilima vya Pugu, Kisarawe, hunyonya vizuri na umo katika maski nyingi za dukani. Hata hivyo, udongo wa kula unaouzwa sokoni haukusafishwa kwa ajili ya uso, na mnunuzi hajui umechanganyika na nini. Mimi nachagua dengu.

Unga lazima uwe laini. Liwa ya wanawake wa pwani husuguliwa juu ya jiwe pamoja na maji mpaka iwe rojo laini kabisa, na sharti hilo linafaa hapa pia: chekecha unga kwa kitambaa chepesi, kwa kuwa chenga hukwaruza ngozi yenye chunusi.

Mtindi huleta asidi ya laktiki, lakini ni kidogo, kama asilimia 1, kwa hiyo haufikii losheni za kuondoa ngozi iliyokufa. Sifa yake ni upole. pH yake ni kama 4.5, na ya ngozi yenye afya huwa karibu na 5. Hapa ndipo maelekezo mengi yanapoharibika, maana hudai ndimu. Maji ya ndimu yana pH ya 2 hivi, na kemikali zilizomo zikikutana na jua kwenye ngozi huweza kuleta malengelenge na madoa meusi yanayokaa miezi. Wengine huongeza magadi ya kuokea, yenye pH inayozidi 8. Vikichanganywa vinatoa povu, na mtu hudhani uchafu unatoka; povu lile ni hewa ya kaboni dayoksaidi tu.

Manjano nayo ningeyaacha, kwani hayanyonyi mafuta na rangi yake hung'ang'ania nyusi na taulo. Asali ibaki, kijiko kimoja cha chai, kwa sababu huvuta maji na kuzuia uso usikakamae.

Basi chukua vijiko viwili vya chakula vya unga, ongeza mtindi kidogo kidogo mpaka upate uji mzito, tia asali. Jaribu kwanza nyuma ya taya na usubiri siku moja. Paka uso uliooshwa, ukiepuka macho na midomo. Wengi husubiri mpaka maski ipasuke kama tope la kiangazi, wakiamini ndipo inapovuta uchafu. Sivyo. Ikikauka kabisa huvuta maji ya ngozi, na kuibandua kunachubua. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu ikiwa bado na unyevu, baada ya dakika kumi, kisha paka losheni nyepesi isiyo na mafuta. Mara moja au mbili kwa wiki yatosha. Kinachobaki kwenye bakuli kitupwe, maana bakteria huzaliana humo haraka.

Vipele vyenye usaha, vinavyouma au vinavyoacha makovu, vipeleke kliniki ya ngozi. Maski hii haivitibu, na kuchelewa huongeza makovu.