Kalamu Inayotangulia Sindano

Kwenye duka la vipodozi la Buswelu, Mwanza, krimu, sabuni na losheni hukaa rafu moja. Mteja anatazama rangi ya kopo na bei. Mwanasheria mwandamizi wa kampuni ya tiba za urembo angeligeuza kopo lilelile na kuanza nyuma, kwenye maandishi madogo: nani ametengeneza, wapi, toleo namba ngapi, kuna nini ndani, na kinadaiwa kufanya nini.

Swali hilo la mwisho ndilo linalopima ujuzi wake. Mwaka 2019 Tanzania ilihamishia usimamizi wa vipodozi kwa Shirika la Viwango (TBS), na iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ikawa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Krimu ya kulainisha ngozi ni ya TBS. Sindano ya botulinum ya kuondoa makunyanzi ni dawa, hivyo ni ya TMDA. Krimu ileile ya kulainisha, lebo yake ikidai kwamba inatibu ugonjwa wa ngozi, imevuka mpaka kwa sentensi moja. Mwanasheria mzuri huiona sentensi hiyo kabla mzigo haujafika bandarini.

Huuliza pia kisichoandikwa. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaijua zebaki kwa wachimbaji wadogo wa Geita, wanaoitumia kukamata dhahabu. Zebaki hiyohiyo imekutwa katika krimu za kung'arisha ngozi sehemu nyingi duniani, ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa 2013 kuhusu zebaki ukavigusa na vipodozi. Kwa hiyo mkataba ambao mwanasheria huyu anaandika na msambazaji haukomei kwenye ahadi ya "bidhaa salama". Unadai majibu ya maabara kwa kila toleo.

Ninachokistahi zaidi ni uvumilivu wake mbele ya tangazo. Idara ya masoko inamletea: "Rudisha ujana wako bila madhara yoyote." Kulikataa ni rahisi, na kulipitisha ni rahisi zaidi. Yeye hukaa nalo. Anafuta "bila madhara yoyote", kwa kuwa sindano huweza kuvimbisha na kuacha michubuko. Anamuuliza daktari ushahidi wa neno "rudisha". Kisha anauliza kuhusu mwanamke wa kwenye picha: ni nani, na ridhaa yake ya maandishi iko wapi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na picha ya kabla na baada ya tiba ni habari ya afya yenye sura ya mtu.

Fomu ya ridhaa nayo ina ufundi wake. Sheria ya Mikataba inataka ridhaa iwe huru, na hakuna uhuru katika karatasi inayosainiwa mgonjwa akiwa tayari amelala kitandani. Fomu nzuri ni ya Kiswahili chepesi. Inamtaja atakayechoma sindano na sifa zake, madhara yanayoweza kutokea, njia nyingine zilizopo, na haki ya kughairi hata dakika ya mwisho.

Dunia iliona gharama ya kazi hii kutofanyika. Mwaka 2010 ilibainika kwamba kampuni ya PIP ya Ufaransa ilijaza matiti bandia silikoni isiyoruhusiwa kwa tiba, na bidhaa zake zilikuwa zimeuzwa nchi nyingi. Cheti cha ubora ilikuwa nacho. Mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013, lakini silikoni ilikuwa tayari ndani ya miili ya wanawake. Tangu hapo, mwanasheria makini haridhiki na cheti. Anaandika haki ya kukagua kiwanda bila taarifa, na wajibu wa kuirudisha bidhaa toleo kwa toleo.

Mgonjwa hatamjua mtu huyu kamwe, na kazi yake ikienda vizuri hakuna kesi ya kuitangaza. Bado naihesabu kuwa sehemu ya tiba yenyewe. Kwa hiyo msomaji, kabla hujachomwa sindano ya urembo, iwe Mwanza mjini au Dar es Salaam, omba mambo matatu: kuona boksi la dawa na namba yake ya toleo, kujua usajili wa atakayekuchoma, na kwenda na fomu nyumbani uisome. Wakikunyima hata moja, ondoka.