Pongezi kwa Maitani na OM-1 Yake

Mwaka 1972 kampuni ya Olympus ya Japani ilitoa kamera ya filamu aina ya SLR, yaani ya kuchungulia kupitia lenzi ile ile inayopiga picha, iliyoitwa M-1. Watengenezaji wa kamera za Leica walilalamikia jina hilo, likageuzwa kuwa OM-1. Anayestahili pongezi ni mbunifu wake, Yoshihisa Maitani. Zama hizo kamera za aina hii zilikuwa nzito, za kuchosha shingo. Yake ilikuwa na takriban gramu 500 bila lenzi. Wala hakuuza ubora ili anunue wepesi. Tundu la kuchungulia ni pana ajabu, linaonyesha asilimia 97 ya picha itakayotoka. Kasi ya shata, kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000, hupangwa kwa pete iliyozunguka mahali lenzi inapofungwa, basi mkono wa kushoto hurekebisha kasi, mwanga na ukali wa picha jicho likiwa palepale. Kwa werevu huo, wengi hawamfikii Maitani. Betri ni ya kipima mwanga tu. Ikiisha, unaendelea kupiga. (Ile ya asili, ya zebaki, haiuzwi tena.) Ukiikuta kamera hii inauzwa, sikiliza shata katika kila kasi kabla hujatoa pesa.