Mwenyeji wa Daktari Garrigan

Wengi hapa Nakivale tumeiona ile sinema ya 2006 kuhusu Idi Amin, The Last King of Scotland. Kitabu chenyewe, cha Giles Foden, kilitoka 1998, na Mbarara yetu imo ndani. Daktari kijana Mskoti, Nicholas Garrigan, anafika Uganda Januari 1971, Amin ndiyo kwanza amepindua serikali, kisha anakuja kufanya kazi kwenye kliniki ya huku Mbarara. Watu humzungumzia Amin tu. Mi nataka kumzungumzia Merrit.

Merrit ni daktari Mzungu aliyemtangulia pale. Yeye na mkewe Joyce ndio wanaompokea mgeni. Si mtu mbaya. Lakini ona: mgeni katoka Ulaya, na mwenyeji wake naye katoka Ulaya. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni ni daktari kabisa, ila wenyeji wanaotaka kupona wako kwenye foleni ya kliniki, mwenye nyumba ni mwingine. Naona upofu wa Garrigan, ule wa kukaa karibu na Amin huku watu wanauawa, unaanzia hapo. Foden hakumtia Merrit ubaya, na hapo nampa sifa: hata mwenyeji mwema anaweza kukuziba macho.

Mimi usiku wangu wa kwanza upande huu nililala Biharwe. Basi lilituacha giza limeshaingia, mama mmoja muuza matoke akatufungulia stoo yake. Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabu pesa tu. Asubuhi akanifundisha kusema "agandi", akanionyesha wanapochota maji na mzee wa kusalimiwa kwanza. Kwenye karatasi za mashirika mama yule ni "jamii mwenyeji". Kwangu yeye nd'o Uganda.

Ndugu zetu wa mashirika, mkifika Mbarara nani anawapokea? Nauliza bila kejeli, maana hata mimi nimeponzwa. Juzi kijana mgeni kutoka Masisi kafikia kwangu. Kabla hajamaliza posho nilikuwa nimeshamtajia majirani wa kuwaogopa. Nikajisikia, nikanyamaza. Kumbe Merrit nilikuwa mimi. Kesho yake tukaenda wote kwa jirani wa kwanza katika wale niliowataja, tukabisha hodi.